Kabla ya Daftari: Kumbukumbu ya Mwanafunzi kutoka Berlin hadi Nakwa

Tarehe 27 Februari 1885, Mfalme Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani alitoa hati ya kuilinda kampuni ya Karl Peters katika nchi za bara, nyuma ya pwani ya Sultani wa Zanzibar. Peters alikuwa amerudi Berlin na mikataba aliyoiandikisha Usagara na kwa majirani zake miezi michache tu kabla. Mwaka huohuo, mwalimu wa chuo kikuu katika mji uleule wa Berlin, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu chembamba kuhusu kumbukumbu. Hati ilizaa utawala, na utawala ukazaa shule. Kitabu kilizaa elimu ya namna binadamu anavyosahau. Shule zilitufikia. Elimu ile ilibaki njiani kwa zaidi ya miaka mia moja, na mtoto wa Nakwa, mjini Babati, anayekesha na daftari lake usiku wa kuamkia mtihani, bado analipa gharama ya ucheleweshaji huo.

Ebbinghaus hakuwa na maabara, wala hakuwa na watu wa kuwajaribia. Alijijaribu mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana yoyote, akazipanga katika orodha, akazisoma kwa sauti kufuata mlio wa saa, silabi baada ya silabi, mpaka akaweza kuitamka orodha nzima bila kukosea. Kisha akaiacha. Ulipopita muda aliokusudia, aliichukua tena orodha ileile, akajifunza upya, na kupima ni kiasi gani cha kazi alichookoa kuliko mara ya kwanza. Majaribio hayo aliyafanya mwaka 1879 na 1880, akayafanya tena mwaka 1883 na 1884, kwa kuwa hakutaka kutangaza jambo aliloliona mara moja tu.

Alichokikuta kinamgusa kila mwanafunzi. Dakika 20 tu baada ya kuishika orodha, akiba yake ilikuwa imeshuka hadi asilimia 58. Baada ya saa moja ilikuwa asilimia 44, na baada ya siku moja kama asilimia 34. Lakini baada ya siku 31 bado alikuwa na asilimia 21. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea siku ileile ya kwanza, na kile kinachoivuka siku hiyo huondoka polepole sana. Aligundua pia kwamba kurudia orodha mara 68 kwa mkupuo, katika siku moja, kulimpa faida ileile aliyoipata kwa kuirudia mara 38 tu zilizogawanywa katika siku tatu. Karibu nusu ya kazi iliokolewa kwa kuipa nafasi.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi kila ninapoyafikiria madarasa yetu. Ebbinghaus alijaribu pia kuhifadhi beti za Don Juan, shairi la Byron, kwa Kiingereza, lugha aliyoijua vizuri kwani alikuwa amewahi kukaa na kufundisha Uingereza. Beti hizo zilimgharimu takriban sehemu moja ya kumi ya juhudi aliyoitumia kwa silabi tupu zenye wingi uleule. Tisa ya kumi ya mzigo ilibebwa na maana.

Wakati anayaandika hayo, nchi iliyo kati ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa haikuwa na darasa hata moja lenye ubao na chaki. Ilikuwa nchi ya Wagorowa. Ndugu zao wa lugha, Wairaqw, walikuwa upande wa Mbulu, Wambugwe kaskazini bondeni, Warangi kusini, na Wabarbaig na mifugo yao kuelekea Hanang. Kila kitu kikubwa kilikaa vichwani mwa watu: koo na vizazi, mipaka ya ardhi, madeni ya ng'ombe, dawa za miti, hukumu za wazee. Aliyesahau hakuwa na mahali pa kwenda kusoma tena.

Watu hao hawakuiachia kumbukumbu ijilinde yenyewe. Wairaqw wana slufay, utungo mrefu wa sala na baraka ambao mzee huughani mbele ya mkutano huku waliohudhuria wakimwitikia. Watafiti wameuandikia kurasa nyingi, miongoni mwao W. D. Kamera, aliyekusanya pia hadithi za Wairaqw na kuzichapisha katika miaka ya 1970. Kwa mambo ya shule, mimi naitazama zaidi namna unavyotolewa. Hakuna karatasi. Msemaji anavuta maneno kutoka kichwani mwake, kwa sauti, mbele ya watu ambao wameusikia utungo huo mara nyingi na watajua akipotea. Itikio linampa pumzi na kumsogeza kwenye mstari unaofuata. Kijana anausikia leo harusini, miezi kadhaa baadaye kwenye kikao cha wazee, mwaka kesho kwenye sherehe nyingine. Anaitikia kwanza, na kuongoza kunakuja baadaye sana. Kuna marudio yenye nafasi kati yake, kuna kutoa kilichomo kichwani bila kuchungulia, na kuna msikilizaji wa kukosoa. Mambo hayo matatu ndiyo wanasaikolojia waliyokuja kuyathibitisha kwa namba.

Na wafugaji je? Mwaka 1932 Frederic Bartlett, profesa wa Cambridge, alichapisha kitabu chake maarufu juu ya kukumbuka. Anasimulia humo habari za mchungaji mmoja katika nchi ambayo leo inaitwa Eswatini. Aliulizwa kuhusu ng'ombe walionunuliwa na bwana wake mwaka mmoja uliopita. Bila daftari akataja mnyama mmojammoja: rangi yake, aliyemuuza, na bei. Walipolinganisha na kitabu cha hesabu cha yule bwana, makosa yalikuwa mawili tu, tena madogo. Bartlett hakusema kwamba watu hao wamezaliwa na vichwa vya ajabu. Alisema wanakumbuka kile wanachokijali, kile ambacho jamii yao hukizungumza kila siku. Mzee wa Kibarbaig anayekutajia ukoo wa ndama wake kurudi nyuma vizazi kadhaa hatalishangaa jambo hilo.

Kutoka pwani, kwa njia za misafara zilizopita Kondoa, ulikuja utaratibu mwingine. Warangi, ambao wengi wao ni Waislamu, walikileta chuo cha Kurani hadi Babati. Kwenye vyuo vya zamani mwalimu aliandika aya juu ya ubao wa mti. Mtoto aliisoma kwa sauti mpaka akaishika, akaisoma tena mbele ya mwalimu bila kuangalia, na ndipo ubao ulipooshwa na kuandikwa aya nyingine. Asiyeitoa ya jana hakupewa ya leo. Juu ya hilo kulikuwa na kudurusu, yaani kuzirudia sura za nyuma kwa zamu ili zisitoroke wakati mpya zinaingia. Ni mpango ambao Ebbinghaus angeutambua mara moja. Ulikuwa na udhaifu wake, na sitaufunika: watoto wengi walihifadhi Kiarabu bila kuelezwa maana yake, na bakora ilikuwa karibu. Hata hivyo kuna watu wazima Babati leo ambao wamesahau karibu kila kitu walichonakili darasa la saba, lakini sura walizozishika wakiwa na miaka minane wanazisoma neno kwa neno.

Wamisionari walikuja na katekisimu: swali, jibu, swali, jibu. Mtoto hakutakiwa kuisoma mara kumi. Alitakiwa kuulizwa na kujibu.

Shule ya serikali ya Wajerumani ilianzishwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikifundisha kwa Kiswahili na kutoa makarani, wakalimani na walimu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Mwaka 1924 ilipita tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dokta Aggrey kutoka Gold Coast, kuchunguza elimu ya Mwafrika. Mwaka 1925 ilifunguliwa shule ya serikali ya Tabora. Katika shule za msingi za enzi hizo vifaa vilikuwa haba, na mtoto mdogo aliandika juu ya sleti. Aliandika, akasahihishwa, akafuta. Akishafuta, alichobaki nacho ni kile kilichoingia kichwani. Wazee waliosoma kwa sleti huisimulia kama alama ya umaskini, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini ilimlazimisha mtoto kufanya jambo ambalo daftari halimlazimishi.

Kilichoharibu hali, kwa maoni yangu, ni uhaba wa nafasi. Mtihani wa darasa la nne uliwachuja watoto, na waliovuka walikutana na chujio jingine darasa la nane. Wachache waliofika darasa la kumi na mbili walifanya mtihani wa Cambridge, na majibu yao yakasahihishwa Uingereza. Pale ambapo siku moja inaamua kama utakuwa karani au utarudi kuchunga, kumbukumbu inabadilika kazi. Inaacha kuwa akiba ya maisha, inakuwa kitu cha kubeba mpaka mlango wa chumba cha mtihani na kukitua mara unapotoka. Mwanafunzi alijifunza kujaza kichwa kwa mkupuo, zile mara 68 za siku moja, kwa sababu mtihani ulikuwa kesho na hakuna aliyemuuliza tena keshokutwa.

Mwalimu Nyerere aliliona hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilalamika kwamba mitihani yetu inapima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa anapotakiwa katika muda uliopangwa, basi. Haipimi uwezo wa kufikiri, wala tabia, wala utayari wa kutumika. Alitaka mtihani ushushwe hadhi yake. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 kazi za mwanafunzi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa kuanzia 1976 pamoja na mtihani wa mwisho. Hili la mwisho lilikuwa jambo jema kuliko hata waliolianzisha walivyojua. Mtoto anayeulizwa mara kwa mara katika mwaka anakumbuka zaidi, hata bila kuzingatia alama. Lakini katika shule nyingi maswali yale yakageuka kuwa namba za kujaza kwenye fomu. Karatasi zikarudi zimechelewa, au hazikurudi kabisa, na mtoto hakujua alipokosea.

Miaka hiyohiyo nchi ilifanya jambo ambalo ningependa walimu wetu walikumbuke mara nyingi zaidi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kipindi kikiisha, redio ilizimwa, kijitabu kikasomwa, halafu kikundi kikajadili: mmesikia nini kuhusu malaria, kuhusu kichocho, na hapa kijijini kwetu tufanye nini? Wiki iliyofuata walikutana tena. Wengi wao hawakujua kusoma. Walijifunza, wakashika, wakachimba vyoo. Ulikuwa utaratibu wa slufay na wa chuo uliovikwa nguo ya Ujamaa: kusikia, kutoa kwa kinywa chako mbele ya wenzako, kurudi baada ya siku kadhaa. Chakula ni Uhai ilifuata mwaka 1975 kwa mtindo huohuo. Hatukuupeleka mtindo huo kwenye darasa la tano.

Badala yake lilikuja daftari. Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto aandikishwe shule, na mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) ukaanza kutekelezwa nchi nzima. Nitautetea mpango huo popote. Bila huo wazazi wengi wa Babati wa leo wasingejua kusoma. Lakini watoto walifurika kuliko vitabu, na walimu wengi, ambao mpaka leo huitwa walimu wa UPE, waliandaliwa kwa haraka wakiwa wenyewe ndiyo kwanza wametoka darasa la saba. Kitabu kimoja kwa darasa zima. Mwalimu afanye nini? Anaandika ubaoni kilichomo kitabuni, watoto wananakili. Ubao ukijaa anafuta upande wa kushoto na kuendelea. Kengele inalia kabla hakujaulizwa swali hata moja. Mtoto anarudi nyumbani na kurasa nne safi ambazo hazijapita kichwani mwake. Zimepita mkononi tu.

Hapo ndipo daftari lilipochukua nafasi ya kitabu, halafu likachukua nafasi ya kichwa. Kuwa na notisi kukawa ndiyo kusoma. Mwanafunzi aliyeumwa wiki mbili hatafuti mtu wa kumweleza somo, anatafuta daftari la kunakili. Na mtihani ukikaribia, analifungua na kulisoma tokea mwanzo hadi mwisho, halafu tena, halafu tena. Kwa lugha yao wenyewe wanapiga msuli, wanameza, wanazunguka na desa. Bidii ipo, tena nyingi mno. Ni bidii iliyoelekezwa mahali pabaya.

Kisha likaja jambo la lugha. Mtoto wa Nakwa anaweza kuwa na Kigorowa au Kiiraqw nyumbani, Kiswahili shuleni na mtaani, na akifika kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Wasomi wetu, Martha Qorro akiwa mstari wa mbele, wameeleza kwa miaka mingi madhara yake. Mimi nitaongeza moja tu. Mwanafunzi anayehifadhi sentensi ya Kiingereza ya baiolojia ambayo haielewi anafanya kazi ileile aliyoifanya Ebbinghaus na silabi zake tupu. Anabeba mzigo wote kumi kwa kumi bila maana ya kumsaidia. Ebbinghaus alijitesa hivyo kwa makusudi, ili apime kumbukumbu ikiwa peke yake. Sisi tumewapa mamilioni ya watoto jaribio hilo kama mfumo wa kawaida wa shule, kisha tunawashangaa wanaposahau.

Hesabu zilipanda kwa kasi. Wanafunzi wa sekondari walikuwa chini ya laki tano mwaka 2004. Kufikia 2009, baada ya shule za kata kujengwa kila pembe, walikaribia milioni moja na nusu. Mitaala mipya ya mwaka 2005 iliyofuata umahiri iliwaambia walimu waache kukaririsha. Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012: zaidi ya watahiniwa 240,000, kama sita katika kila kumi, walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu aliunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikayafuta matokeo hayo na kuyapanga upya. Tulibishana kuhusu viwango vya alama, mishahara ya walimu, maabara, siasa. Yote yalikuwa na uzito. Sikumbuki mjadala mkubwa juu ya swali rahisi: vijana hawa, waliokaa miaka minne darasani, walifundishwa na nani namna ya kusoma ili wakumbuke?

Maana jibu lilikuwa limekwishapatikana. Mwaka 1939 H. F. Spitzer alichapisha utafiti alioufanya kwa watoto 3,605 wa darasa la sita katika jimbo la Iowa, Marekani. Waliopewa maswali mara tu baada ya kusoma makala walikumbuka mengi zaidi wiki kadhaa baadaye kuliko waliosoma bila kuulizwa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walilionyesha jambo hilo kwa uwazi ambao haukuacha nafasi ya ubishi. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Kundi moja lilikisoma tena. Jingine lilifunika karatasi na kuandika kila linachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, waliojitoa jasho kukumbuka walikuwa na 56. Katika jaribio la pili la utafiti huo, waliosoma na kusoma tena ndio waliokuwa na imani kubwa zaidi kwamba watakumbuka.

Sentensi hiyo ya mwisho ingebandikwa kwenye kila bweni la Tanzania ningefurahi. Kurudia kusoma kunadanganya. Ukurasa ukiuona mara ya nne unaufahamu sura yake, macho yanateleza, moyo unasema nimeelewa. Ukiufunga, ndipo unagundua kwamba ulikuwa unamtambua mgeni kwa uso bila kulijua jina lake. Ule ugumu wa kutafuta neno kichwani, ambao mwanafunzi huuchukia na kuufasiri kuwa ni dalili ya kichwa kizito, ndio kazi yenyewe inayolifunga neno lisitoroke.

Ndiyo sababu nasema tulipolaani kukariri tuliwatupa wawili kwa kosa la mmoja. Nyerere alikuwa sahihi kuhusu mtihani unaotawala elimu. Walioandika mitaala ya umahiri walikuwa sahihi kuhusu maneno yanayotamkwa bila kueleweka. Lakini hakuna kufikiri bila kitu cha kufikiria. Daktari wa Hospitali ya Dareda hawezi kusema ngoja nikatafute figo ziko wapi. Kosa lilikuwa kuhifadhi bila maana, kwa mkupuo, kwa ajili ya siku moja. Kutoa kichwani, kwa sauti, mbele ya msikilizaji, na kurudia baada ya nafasi, hakukuwa kosa hata kidogo. Mzee wa slufay alilijua hilo, na maalimu wa Kurani alilijua. Sisi tuliosoma shule za kisasa tukawaona washamba.

Sasa imekuja mitaala mingine, iliyoanza kutumika Januari 2024 chini ya Sera ya Elimu ya 2014 iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023. Nadhani ina mambo mazuri. Lakini mwanafunzi wa Nakwa aliye kidato cha pili hana haja ya kuisubiri itulie. Jioni, kabla hajaanza kazi za nyumbani, alifunge daftari na kuandika kwenye karatasi chakavu, au hata kwa kijiti kwenye vumbi, mambo aliyofundishwa leo. Kisha alifungue aone alichoacha. Anayoyaacha ndiyo ya kusoma, si yote. Alirudie somo hilo kesho yake, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki ijayo, halafu mwezi ujao. Kila mara akianza na daftari lililofungwa. Dakika kumi zinatosha. Wakati wa kwenda kuteka maji au kuchunga, ajiulize mwenyewe njiani. Usiku wa kuamkia mtihani alale, kwa sababu ubongo hupanga na kuimarisha mambo ya mchana wakati wa usingizi, na anayekesha anaibomoa kwa mkono mmoja kazi aliyoijenga kwa mwingine.

Kama somo ni la Kiingereza, alieleze kwanza kwa Kiswahili, au amweleze bibi yake kwa Kigorowa namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Bibi akielewa, maana imepatikana. Sasa maneno ya Kiingereza yatakuwa na mahali pa kukaa. Akishindwa kumweleza, amejua palipo na shimo, na amelijua mapema. Wanaosoma kwa makundi wakati wa prepo waache ule mtindo wa mmoja kusoma notisi kwa sauti na wengine kuinamisha vichwa. Mmoja aulize, wengine wajibu bila kuchungulia, wapokezane. Na karatasi za mitihani iliyopita, ambazo wengi huzisoma pamoja na majibu yake kama gazeti, zifanywe kwanza kwa kalamu, majibu yakiwa mbali, hata kama utapata tatu kwa ishirini. Kukosea kwanza na kusahihishwa mara hiyohiyo kunafundisha kuliko kusoma jibu la mwingine.

Wazazi nao wana sehemu yao, hata wasiojua kusoma. Mtoto akirudi msimwombe awaonyeshe daftari. Mwambieni akae chini awasimulie alichojifunza leo, na wiki ijayo mwambieni asimulie tena.

Na ninyi walimu wa Nakwa na Babati yote, najua madarasa yamejaa, najua mtaala unawakimbiza. Ninawaomba dakika tano tu mwanzoni mwa kila kipindi. Kabla ya kugusa chaki, daftari zote zikiwa zimefungwa, ulizeni maswali matatu: moja la somo la jana, moja la wiki iliyopita, moja la muhula uliopita. Kila mtoto aandike jibu lake, kisha msahihishe pamoja palepale, bila kurekodi alama na bila fimbo. Jambo hili halihitaji bajeti, halihitaji umeme wala waraka wa wizara. Anzeni Jumatatu.